Poda ya Kushusha Potasiamu: Piga Hesabu kwa Siku, Usipige kwa Pakiti

Mgonjwa wa Mukuyuni, Makueni, aliyeambiwa kliniki kwamba potasiamu yake imefika 5.9 hurudi nyumbani na karatasi mbili: ya matokeo ya maabara na ya dawa. Ya pili ndiyo humkimbiza kwenye duka la dawa, maana ina jina la poda asiyoijua na agizo la kuinywa mara tatu kwa siku, na jamaa wameshaanza kuchanga kwa M-Pesa. Ushauri wangu wa kwanza kuhusu pesa hizo ni kwamba karatasi ya matokeo isomwe kabla shilingi haijatoka.

Potasiamu ya kawaida katika damu ni kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita; maabara nyingine huvumilia hadi 5.5. Figo ndizo huitoa kwenye mkojo, nazo zikichoka, huanza kujaa. Lakini kipimo hiki hudanganya kirahisi kuliko vipimo vingi. Chembe nyekundu za damu zimebeba potasiamu mara nyingi zaidi ya ile iliyo kwenye maji ya damu yanayozizunguka, na chembe hizo zikipasuka ndani ya chupa, mashine husoma potasiamu ambayo haikuwa ikizunguka mwilini. Hupasuka mpira uliofungwa mkononi ukikaa muda mrefu, sindano nyembamba ikivutwa kwa nguvu, au chupa ikirushwarushwa kwenye pikipiki kutoka zahanati ya kijijini hadi maabara ya mjini. Kukunja na kukunjua ngumi wakati wa kutolewa damu pia huipandisha. Hata friji, ambayo watu hudhani inahifadhi kila kitu, huharibu: damu ambayo haijatenganishwa ikiwekwa kwenye baridi huvujisha potasiamu polepole hadi namba ipande.

Basi mtu ambaye hana dalili, ambaye vipimo vyake vya figo havijabadilika, na ambaye damu yake ilitolewa mbali na mashine, ana haki ya kumuuliza daktari: tunaweza kurudia leo, damu itolewe hapa hapa maabara? Kipimo cha pili hugharimu kidogo kuliko mwezi mzima wa poda yoyote. Lakini swali hilo huulizwa siku hiyo hiyo, ukiwa bado hospitali. Usiende nalo nyumbani likalala wiki mbili. Na namba ikiwa 6.5 au zaidi, au moyo unadundadunda, au miguu imelegea ghafla, hapo hakuna cha kulinganisha bei. Huyo ni mgonjwa wa kulazwa na kupimwa mdundo wa moyo kwa mashine. Atachomwa kalisiamu ya kulinda moyo kwa muda, na insulini pamoja na glukosi ya kuisukuma potasiamu irudi ndani ya chembe, huku sukari yake ikipimwa saa baada ya saa. Dawa hizo ni za zamani na hospitali za kaunti huzijua. Poda ninazozieleza hapa haziwezi kufanya kazi hiyo peke yake, hata iliyo ghali kuliko zote.

Namba ikishathibitika, swali ni kitu gani kinaipandisha, na mara nyingi jibu liko nyumbani ndani ya mfuko wa nailoni unaotunza dawa. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wazee wetu humeza kwa magoti na migongo baada ya kutwa nzima ya kuchimba matuta, huzibana figo zisiitoe potasiamu. Septrin, ambayo wengine huinywa kila siku kwa miaka, hufanya vivyo hivyo kwa njia yake. Spironolaktoni ya moyo uliochoka imeundwa kubakiza potasiamu. Enalaprili na losatani za presha nazo zimo. Mwingine amenunua supamaketi chumvi inayosifiwa kuwa haina sodiamu nyingi, asijue kwamba kilichowekwa badala ya sodiamu ni potasiamu yenyewe. Ndugu zetu wa Magharibi ya Kenya wanaopikia munyu wa majivu wanakutana na shida hiyo hiyo, maana majivu ya maganda ya maharagwe yana potasiamu tele. Magadi yetu ni sodiamu. Yana ubaya wake, nitayarudia.

Kuacha diklofenaki hakugharimu kitu, na huenda kukakuondolea kabisa haja ya poda. Kuacha enalaprili au losatani ni jambo jingine. Vidonge hivyo vya bei nafuu ndivyo vinavyolinda figo na moyo kwa miaka, na mwongozo wa kimataifa wa magonjwa ya figo wa KDIGO wa mwaka 2024 umeweka kuvipunguza au kuviacha kuwa hatua ya mwisho, baada ya kurekebisha mengine na baada ya kujaribu dawa za kushusha potasiamu. Kwa hiyo kuna wagonjwa ambao poda kwao ni gharama ya kubaki kwenye kidonge kizuri. Ukiiona hivyo, bei yake huonekana kwa jicho tofauti. Kwa mgonjwa ambaye bado anakojoa vizuri, daktari anaweza pia kuanza na furosemidi, au na vidonge vya bikaboneti ikiwa damu imekuwa na asidi nyingi. Zote mbili ni rahisi kuliko poda.

Sasa poda zenyewe. Kuna za aina mbili za zamani na mbili za kisasa, na zote hufanya kazi mahali pamoja: hazinyonywi kuingia kwenye damu, hukaa tumboni, hushika potasiamu ndani ya utumbo na kutoka nayo chooni. Ndiyo maana mtu aliyefunga choo akinywa poda hizi anapoteza pesa na kujiweka hatarini kwa wakati mmoja.

Ya zamani zaidi ni sodiamu polistireni salfoneti, ambayo wengi huijua kwa jina la Kayexalate. Ilikubaliwa Marekani mwaka 1958, kabla ya sheria ya 1962 iliyowalazimisha watengenezaji kuthibitisha kwa majaribio kwamba dawa inafanya kazi. Ikatumika zaidi ya nusu karne kwa mazoea. Jaribio dogo la Kanada lililotolewa mwaka 2015, lenye wagonjwa 33 waliokuwa wakihudhuria kliniki, liliipa heshima kidogo: waliokunywa gramu 30 kwa siku kwa siku saba potasiamu yao ilishuka kwa takribani milimoli moja zaidi ya wale waliopewa poda isiyo dawa. Mwaka 2019 utafiti mkubwa wa jimbo la Ontario, huko huko Kanada, ukaonyesha upande wa pili: wazee walioitumia walikaribia kuwa na hatari maradufu ya kulazwa kwa shida kubwa za tumbo na utumbo ndani ya mwezi mmoja, ingawa waliopatwa walikuwa wachache. Hatari hiyo imehusishwa sana na kuichanganya na sobitoli, sukari ya kuharishia, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya juu ya mchanganyiko huo. Mtu akikuuzia chupa iliyokwisha kuchanganywa, uliza imechanganywa na nini.

Ndugu yake ni kalisiamu polistireni salfoneti. Hufanya kazi kwa namna ile ile, ila badala ya kuacha sodiamu mwilini huacha kalisiamu. Kwa mtu wa presha, mwenye miguu iliyovimba au moyo mdhaifu, tofauti hiyo ni kubwa. Pakiti moja ya gramu 15 ya ile ya sodiamu ina karibu miligramu 1500 za sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asizidi miligramu 2000 kwa siku kutoka kwenye chakula chote. Si yote huingia kwenye damu, lakini mgonjwa anayeinywa mara tatu huku sufuria ya maharagwe imetiwa magadi anajazwa chumvi pande mbili. Ile ya kalisiamu nayo si ya kila mtu. Aliye na kalisiamu nyingi katika damu au ugonjwa wa tezi zinazoiongoza hafai kupewa, na anayemeza vidonge vya kalisiamu amwambie daktari.

Zote mbili huchelewa. Hushusha kwa saa nyingi, mara nyingine siku, na kipimo chake ni gramu 15 mara moja hadi nne kwa siku. Shikilia hayo maneno "moja hadi nne", kwa sababu hapo ndipo wanunuzi hupotea.

Za kisasa zimeingia kwa majina ya Veltassa na Lokelma. Veltassa, yaani patiroma, ilikubaliwa Marekani Oktoba 2015. Huanzwa kwa gramu 8.4 mara moja kwa siku na inaweza kupandishwa hadi 25.2, huanza kufanya kazi baada ya saa saba hivi. Haina sodiamu, kwa hiyo haivimbishi. Inachoshusha pasipotakiwa ni magnesiamu, ambayo nayo hupaswa kupimwa. Lokelma, yaani sodiamu zirkonia saiklosiliketi, ilikubaliwa mwaka 2018, nayo ndiyo yenye mbio: huanza ndani ya saa moja, na katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014 wagonjwa 98 kati ya 100 walikuwa wamerudi kiwango cha kawaida ndani ya saa 48. Huanzwa kwa gramu 10 mara tatu kwa siku, kwa muda usiozidi saa 48, kisha hushushwa kuwa mara moja kwa siku. Ila ina sodiamu, miligramu 400 katika kila gramu 5. Siku hizo mbili za mwanzo mgonjwa hupata miligramu 2400 kwa siku kutoka kwenye dawa peke yake, na miguu kuvimba ni malalamiko yanayojulikana.

Kwa hiyo ukifika dukani usilinganishe pakiti na pakiti. Linganisha siku na siku. Pakiti ya kisasa inaweza kuwa na bei mara tatu ya ile ya zamani na bado mkalipa sawa, ikiwa ya zamani imeandikwa mara tatu kwa siku na ya kisasa mara moja. Ikiwa ya zamani imeandikwa mara moja tu, hakuna mashindano: ya zamani ni nafuu kwa mbali. Mwambie mfamasia akuandikie kwenye karatasi gharama ya siku moja na ya siku saba kwa kila chaguo alilo nalo, kwa kipimo chako wewe. Usikubali hesabu ya kisanduku. Kisanduku kimoja kina pakiti nyingi, kingine chache, na gramu ndani ya pakiti hazilingani: 15, 8.4, 10, 5. Mtu anayelinganisha kwa gramu hukosea pia, kwa kuwa gramu 10 za Lokelma hazifanyi kazi sawa na gramu 10 za poda ya zamani.

Uliza tena kama dawa iko rafuni au inaagizwa. Dawa inayongojewa siku nne kutoka Nairobi si chaguo kwa mtu mwenye potasiamu ya 6.2. Huyo aanze na iliyopo, chini ya macho ya daktari, kisha mengine yafikiriwe.

Kama ningeulizwa na mzee wa Mukuyuni asiye na uvimbe, anayekwenda choo vizuri, ambaye potasiamu yake ni 5.7 na ameshaacha diklofenaki, ningemwambia amuulize daktari kuhusu ile ya kalisiamu kwa siku chache, kisha apimwe. Siku chache, nasema, si mwezi. Kosa la gharama kubwa ninaloliona katika jambo hili ni kununua mwezi mzima siku ya kwanza. Wengi hushuka ndani ya wiki, na anayeendelea kunywa bila kupimwa anaweza kuzidisha hadi potasiamu ikawa chini mno, nayo huvuruga moyo vilevile. Pesa za kisanduku cha pili ziwekwe kando kwa nauli ya kwenda mjini Wote na kipimo cha damu. Aliyefunga choo mara kwa mara, aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni, au aliyewahi kuziba utumbo, poda za zamani zimkae mbali. Huyo ndiye anayestahili kuumiza kichwa juu ya za kisasa, na hata hizo kwa tahadhari.

Veltassa ina jambo moja ambalo wauzaji hulitaja kwa haraka. Hutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Nje ya friji, kwa joto la kawaida, inapaswa kutumika ndani ya miezi mitatu. Kwa mtu asiye na umeme, kununua akiba ya nusu mwaka kwa sababu ya punguzo la bei ni kununua hasara, na joto la Makueni la Februari ndani ya nyumba ya mabati si joto la kawaida analolifikiria mtengenezaji. Poda za zamani na Lokelma hazihitaji friji, lakini nazo ziwekwe pakavu na mbali na jiko.

Kuchanganya kuna utaratibu wake. Poda ya zamani huchanganywa na maji mililita 3 hadi 4 kwa kila gramu, yaani gramu 15 katika mililita 45 hadi 60, karibu robo ya kikombe cha chai. Haitayeyuka, hukorogwa na kunywewa ingali inaelea, mgonjwa akiwa ameketi wima asije akaivuta mapafuni. Mgonjwa aliyelala kitandani na anayepaliwa asimiminiwe mdomoni. Usiitie kwenye maji moto wala chai. Na huku kwetu, ambako machungwa huuzwa kila kona ya soko, niseme bila kuzunguka: usiifuate na juisi ya machungwa ili kuua ladha ya mchanga. Utakuwa unaingiza kwa glasi kile unacholipa ili kitoke. Maji matupu yanatosha. Lokelma nayo huchanganywa na angalau vijiko vitatu vikubwa vya maji, na poda ikibaki chini ya kikombe, huongezwa maji kidogo na kunywewa, kwa kuwa kilichobaki hapo ni sehemu ya kipimo mlicholipia.

Gharama nyingine iliyofichika ni dawa zako nyingine kupotea. Poda hizi hazichagui sana. Zinaweza kushika vidonge vya presha, vya tezi au vya kifafa na kutoka navyo. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitaka dawa nyingine zote za kumeza zitenganishwe na Kayexalate kwa saa tatu au zaidi, kabla au baada, na saa sita kwa mtu ambaye tumbo lake husaga polepole, kama baadhi ya wenye kisukari. Patiroma ni saa tatu pia. Lokelma ni saa mbili. Hapa pakiti ya mara moja kwa siku inaonyesha thamani yake: vidonge saa 12 asubuhi na kifungua kinywa, poda saa nne, chakula cha mchana kama kawaida, vidonge vya jioni saa mbili usiku, na hakuna kilichogongana. Poda ya mara nne kwa siku pamoja na vidonge vya asubuhi na jioni karibu haiwezekani kupangwa vizuri na mtu anayekwenda shamba. Anayeshindwa kupanga hatimaye hunywa vyote pamoja, halafu presha inapanda na daktari anaongeza dawa ya presha. Pesa nyingine hizo.

Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini, zile za kutafuna au za chupa ambazo hata maduka ya rejareja huziuza, haziendi na poda za zamani kabisa. Huweza kuvuruga asidi ya damu na kuziba utumbo. Mtajie mfamasia hata kile unachodhani si dawa.

Halafu kuna ununuzi wa rejareja. Mtu hana pesa ya kisanduku, kwa hiyo kemisti anampimia poda kwa kijiko kwenye karatasi ya kaki. Kununua pakiti tatu zilizofungwa ni sawa kabisa, na ni busara. Poda iliyofunguliwa na kupimwa kwa kijiko ni hatari: kijiko hakina gramu 15 za uhakika, tarehe ya kuisha haionekani, na huwezi kujua kama ni ya sodiamu au ya kalisiamu. Hizo mbili zinafanana kwa macho. Duka lenyewe liwe na leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu iliyotundikwa ukutani, ya mwaka huu, na ukiomba risiti upewe risiti. Ukiona bei ya chini ajabu, soma pakiti kwa jina la dawa, gramu na tarehe.

Chakula sitakichambua sana, kwa sababu wagonjwa wengi wameshatishwa vya kutosha hadi wanaogopa kula. Katika gramu 100, parachichi lina karibu miligramu 480 za potasiamu, ndizi mbivu 360, chungwa 180, embe 170. Kwa hiyo embe, tunda ambalo kaunti imelijengea kiwanda pale Kalamba, ni pole kuliko ndizi. Shida ya embe ni kwamba msimu ukifika hakuna anayekula gramu 100. Vipande vichache baada ya chakula vinaweza kuzungumzwa na mtaalamu wa lishe. Ndoo ya maembe chini ya mti haizungumziki. Muthokoi ni rafiki kuliko isyo, maana mahindi yaliyokobolewa yana potasiamu pungufu kuliko mahindi mazima, na mbaazi, kunde na ndengu zikipungua kwenye sufuria mzigo unapungua zaidi. Viazi vitamu, mihogo na nduma vikatwe vipande vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe. Sehemu kubwa ya potasiamu huondoka na maji hayo, kwa hiyo supu yake isinywewe. Gharama yake ni maji, ambayo Ukambani si kitu cha kumwagwa hivi hivi, lakini ng'ombe atayanywa.

Nani alipe? Makueni ilikuwa na sifa yake: tangu 2016, wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, kaya iliyochangia shilingi 500 kwa mwaka katika mpango wa MakueniCare ilitibiwa katika hospitali za kaunti bila kulipa tena. Kitaifa, bima ya afya ya NHIF ilitoa nafasi kwa SHA tarehe 1 Oktoba 2024, na mchango ukawa asilimia 2.75 ya mapato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kwa mgonjwa wa potasiamu swali la kuuliza dirishani, kabla dawa haijaandikwa, ni moja: poda hii iko ndani ya kifurushi nikiwa mgonjwa wa kwenda na kurudi, au hulipwa nikilazwa tu? Jibu likiwa la pili, na daktari alikuwa akisita kati ya kukulaza siku mbili na kukupeleka nyumbani, hesabu inaweza kubadilika. Isemwe wazi mbele yake.

Kwa wale waliokwisha kufikia kusafishwa damu, takwimu zinaeleweka zaidi. NHIF ililipa shilingi 9,500 kwa kikao. SHA ikapandisha hadi 10,650. Vikao viwili kwa wiki ni shilingi 85,200 kwa wiki nne, mzigo ambao kaya chache za Mukuyuni zingeubeba peke yao, kwa hiyo mchango wa SHA usikatike hata mwezi mmoja. Poda haichukui nafasi ya kikao. Mgonjwa anayeruka kikao kwa sababu amekunywa poda anajihatarisha, kwa kuwa kikao huondoa pia maji na uchafu ambao poda haiugusi.

Mgonjwa huyo akiandikiwa Lokelma, maelekezo yake ni tofauti: hunywewa siku zisizo za kikao tu, kwa kawaida ikianzwa na gramu 5 mara moja kwa siku. Mwenye vikao viwili kwa wiki basi anahitaji pakiti tano kwa wiki, ishirini kwa wiki nne, na anayeuziwa kisanduku cha thelathini kama dawa ya mwezi ameuziwa kumi zaidi. Na damu ya kuamua kama kipimo kipande au kishuke ni ile inayotolewa kabla tu ya kikao kinachofuata pengo refu. Kama vikao vyako ni Jumanne na Ijumaa, muulize muuguzi damu ya Jumanne, ikiwa imekaa siku nne bila mashine. Ya Ijumaa itakuonyesha namba nzuri zaidi kuliko hali yako.